Hoho, choya na maji magumu ya Dodoma

Mtu akikwambia kwamba kila kopo la maji lazima lisome pH 6.5 kabla halijagusa mche wako (pH ni kipimo cha ukali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi kama ndimu, juu yake ni upande wa magadi), muulize kwanza yeye analimia kwenye nini. Wanaolima haidroponiki, bila udongo, wana haki ya kusema hivyo, maana mizizi yao inashinda na kulala ndani ya hayo maji. Mimi nalimia kwenye udongo uliojaa samadi na mboji, na ushauri huo umenila hela, umenila ndimu, na umenivurugia amani ya nyumba.

Nilikuja Dodoma na msafara wa serikali ilipohamia Mtumba, kama nusu ya majirani zangu hapa Ilazo. Kiwanja ni kidogo na nyumba imekimaliza, kwa hiyo hoho zipo kwenye ndoo za lita 20, nyanya kwenye viroba, na kuna mndimu mmoja kwenye pipa lililokatwa nusu. Mchanganyiko wa udongo sielezi, ni ule ule wa kila mtu: udongo mwekundu, samadi ya mbuzi iliyokaa, mboji, mchanga kidogo. Maji ni ya kisima kirefu cha mtaani, na yeyote aliyewahi kufua Dodoma anayajua. Sabuni inagoma kutoa povu, birika linaota ukoko mweupe.

Msimu wa kwanza hoho zilinipa kiburi. Msimu uliofuata, ndoo zile zile, majani machanga ya juu yakaanza kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Majani ya chini, ya zamani, hayakuwa na neno. Hapo wataalamu wakajitokeza.

Wa kwanza akasema mmea una njaa, weka urea. Sasa urea ni naitrojeni, na mmea ukikosa naitrojeni huwa unanyang'anya majani ya zamani na kulisha machanga, kwa hiyo manjano huanzia chini. Yangu yalianzia juu. Hiyo ni dalili ya kukosa chuma, ambacho mmea hauwezi kukihamisha kutoka jani la zamani kwenda jipya. Wa pili akasema nyunyiza majivu. Majivu yanapandisha pH, na mimi tayari nilikuwa juu; ni kumpa chumvi mtu mwenye presha. Wa tatu, huyu alinichekesha, akasema nifukie misumari yenye kutu ili mmea upate chuma. Bwana wee, udongo wa Dodoma ni mwekundu kwa sababu gani? Ni kutu tupu! Chuma kimejaa hadi kinachafua soksi. Tatizo ni kwamba pH ya udongo ikipita 7.5 hivi, hicho chuma kinajifunga na mzizi haukipati. Ukiongeza misumari umeongeza misumari.

Kuna aliyetaja asidi ya betri. Huyo sikumjibu. Mtu anayehangaika kufuga minyoo na vijidudu vya udongoni hamwagi asidi ya betri humo, na watoto wanapita hapo peku.

Ushauri uliofaulu kuingia kwangu ulikuwa wa kijana wa duka la pembejeo, kwa kuwa alikuwa na kifaa mkononi. Akachovya kwenye kopo la maji ya kisima changu, kikasoma 8.1. "Mzee wangu," akasema, "hapa hakuna cha kujadili. Shusha maji mpaka 6.5, kwa siki au ndimu, kila unapomwagilia. Ni asili kabisa, hakuna kemikali." Akaniuzia na kipimo.

Basi nikageuka mkemia. Asubuhi kabla ya kazi nakamua ndimu kwenye ndoo, nakoroga, napima, nakamua tena. Ndoo moja ya maji ya kisima ilikuwa inameza ndimu sita, saba, ndipo kipimo kikubali. Zidisha kwa ndoo za kumwagilia za wiki nzima. Mndimu wangu wenyewe ulikuwa mgonjwa, kwa hiyo ndimu zote zilitoka Majengo sokoni, na nje ya msimu ndimu ya Dodoma inauzwa kama dawa. Jumapili moja supu ya mbuzi ikafika mezani haina ndimu, na mama watoto akaniambia niende nikaombe moja kwa hoho. Nikahamia siki. Siki ni nafuu, lakini uani pakawa pananuka kachumbari na visubi vikaja kwa makundi.

Kilichonitoa kwenye huo utumwa ni kwamba siku moja nilitengeneza ndoo ya 6.5 asubuhi, nikaitwa kazini ghafla, nikaikuta jioni. Nikapima. Imepanda, imeshavuka 7. Hakuna aliyeongeza kitu. Yule kijana nilipomuuliza akasema kipimo kimeharibika, ninunue kingine.

Kipimo kilikuwa kizima. Ukitia asidi kwenye maji yenye bikaboneti nyingi, yaani ile chumvi inayoyafanya yagome kushuka pH, sehemu ya bikaboneti inageuka hewa ukaa, na hewa hiyo inabaki imeyeyuka kwenye maji ikiyafanya yaonekane makali. Ikiondoka taratibu, pH inapanda yenyewe. Halafu hata kile ulichomwaga udongoni hakidumu, maana asidi ya ndimu na ya siki ni chakula cha bakteria. Wanaila, na bikaboneti inarudi pale pale. Kwenye udongo hai, ndimu ni posho ya vijidudu tu.

Kwa hiyo namba ya pH inakuonyesha maji yamesimama wapi, na haikwambii yatang'ang'ania kiasi gani ukiyasukuma. Chukua maji ya betri, yale masafi ya kuongezea, tia chembe ya magadi: yanaweza kusoma juu kuliko kisima changu, na matone machache ya ndimu yakayashusha. Kisima changu kinasoma 8.1 na kinameza ndimu sita. Hiyo bikaboneti ndiyo ile ile inayoacha ukoko kwenye birika, na ndiyo inayojilimbikiza kwenye ndoo kila unapomwagilia, hadi udongo wenyewe unapanda.

Sasa nije kwenye ufundi wangu, maana huu naudai kuwa wangu hata kama kuna bibi alishaufanya. Nilikuwa natengeneza juisi ya choya, yaani rozela, ile nyekundu. Choya hapa Dodoma haikosi nyumbani. Nikasuuza glasi yenye mabaki kwa maji ya kisima, na yale mekundu yakageuka rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Nikasimama pale kwenye sinki. Nikachukua maji ya mvua yaliyokuwa kwenye beseni nje, nikadondoshea choya: waridi safi. Maji ya ndimu: mekundu ya kung'aa. Maji yenye kijiko cha magadi: kijani! Mama watoto akauliza kama siendi kazini.

Unachofanya ni hivi. Loweka choya kavu kwenye maji ya moto kidogo sana iwe nzito, iache ipoe. Weka nusu lita ya maji unayotaka kupima kwenye bakuli jeupe, tia kijiko cha chai cha choya. Kamua ndimu, ichuje, ivute kwa bomba la sindano la mililita 5, lisilo na sindano, la duka la dawa lolote. Dondosha huku ukikoroga mpaka maji yawe waridi na yabaki waridi. Kiasi cha ndimu kilichotumika ndicho kipimo cha ubishi wa maji yako. Maji ya mvua yalikuwa waridi kabla sijaanza. Maji ya kisima yalimaliza bomba zima, nikavuta tena, na nikaingia karibu nusu ya la pili. Fanya mchana, taa za njano zinadanganya rangi, na tumia choya ya kiasi kile kile kila mara kwa kuwa yenyewe ni kali. Jirani wawili watatu wameniletea chupa zao nipime. Silipishi, ila ndimu waje nazo.

Baada ya hapo niliacha kabisa kupima maji kila siku, nikageukia udongo. Kwenye hili nilisukumwa na Mama Neema wa nyumba ya nyuma, ambaye mchicha na mlenda wake unakunywa kisima kile kile na haujawahi kuugua. "Baba Zawadi," aliniambia juu ya ukuta, "hizo mboga zako unazilisha au unazitibu? Mimi maji siyapimi, nayanywesha." Ilinikera, lakini ana haki. Yeye analima ardhini. Ana udongo wa kina, na kila masika mvua inasukuma chumvi zote chini. Mimi nina lita 20 za udongo kwenye plastiki, na chochote kinacholetwa na maji kinabaki humo.

Kupima udongo: chota kijiko kutoka katikati ya ndoo, siyo juu penye ukoko, changanya na maji ya betri mara mbili ya ujazo wake, koroga, subiri kama nusu saa, pima. Soma chupa vizuri, duka lile lile linauza na asidi! Kipimo chenyewe kisawazishe kwanza kwa zile pakti za unga zinazokuja nacho, vinginevyo unasoma ndoto. Na vile vijiti viwili vya chuma visivyo na betri, vya kuchomeka udongoni, usinunue. Changu nilikichoma kwenye ndimu kikasema 7.

Udongo wangu ulikuwa unakaribia 8. Hoho inapenda 6 na kidogo mpaka karibu 7. Sehemu ya lawama ni ya samadi ya zizini, maana samadi nyingi huku ni juu ya 7 tangu mwanzo na ina chumvi zake. Siku hizi naitumia kidogo, mboji ndiyo nyingi.

Dawa kubwa ilikuwa bati langu. Maji ya mvua hayana bikaboneti ya kuzungumzia. Ukali wake mdogo, pH 5.6 hivi, unatokana na hewa ukaa tu. Watu wanasema Dodoma hakuna mvua. Ipo, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, ila inakuja karibu yote kati ya Desemba na Aprili halafu inatuaga. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati zangu ni kama mita 80 za mraba, kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 1,600, toa zinazopotea. Gata za fundi, tanki la lita 2,000, na mapipa mawili ya kuokoteza. Gharama sikumbuki vizuri, kitu cha laki kadhaa, tanki ndilo lililouma. Mvua ya kwanza iache imwagike, inaosha vumbi la miezi saba na mambo ya kunguru.

Nachanganya nusu kwa nusu na kisima, hivyo ubishi unashuka kwa nusu, na tanki linanisogeza miezi mitatu hivi baada ya mvua kukatika. Wakati wa mvua zenyewe ndoo zote nazitoa nje zinyeshewe hadi maji yatoke chini kwa wingi. Ukoko mweupe wa kwenye kingo uliondoka hivyo hivyo, bure.

Kisha salfa. Nashangaa hakuna mtaalamu hata mmoja aliyeitaja, kwenye mkoa ambao wakulima wa zabibu wanapulizia unga wa salfa kila msimu kwa ajili ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani. Bakteria wa udongoni wanaigeuza asidi pole pole, kwa wiki na miezi, ikiwa kuna unyevu na joto. Joto tunalo. Natia kijiko kidogo cha chai kisichojaa kwa ndoo ya lita 20, nachanganya na udongo wa juu, namwagilia, nasahau. Sirudii mpaka miezi mitatu minne ipite na nimepima udongo. Kuna mtu alimwaga ngumi nzima akitaka matokeo ya wiki moja. Miche yake haikufika wiki hiyo. Vaa kitambaa puani, na isiguse macho.

Nilijaribu pia machicha ya zabibu, makapi ya kiwanda cha mvinyo, maana mabichi yana ukali. Yakishaoza kuwa mboji ukali unaisha, kwa hiyo kwa pH usiyategemee. Minyoo inayapenda sana lakini, sijaacha.

Masika yalipoisha udongo ulisoma 7 kasoro. Majani mapya yalitoka kijani. Yale ya manjano ya zamani hayakurudi, wala usiyasubiri, angalia yanayochipua. Kuanzia Agosti tanki likikauka hoho zinarudi kwenye maji ya kisima mpaka Desemba, na ninaacha udongo upande kidogo bila kuukimbiza. Maji ya mvua yanayobaki kwenye pipa moja lenye kifuniko ni ya mndimu peke yake, kwa amri ya mama watoto.