Nilivyopata nafasi kwenye simu za vijana wa Kisumu

Nauza raba za mitumba katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, na wateja wangu wengi ni vijana wa vyuo na waliomaliza shule juzijuzi. Baadhi yao hawajawahi kufika kibandani. Wananijua kwa simu, wanalipa kwa simu, na kiatu kinawafuata Maseno, Ahero au Bondo kwa matatu. Wenzangu sokoni huniuliza nimewapataje. Niliwaomba wahifadhi nambari yangu, kisha nikajitahidi wasipate sababu ya kuifuta.

Ombi hilo linaonekana dogo, lakini biashara yangu yote imesimama juu yake. Kwenye WhatsApp, picha unayoweka kwa status haimfikii mtu ambaye hana nambari yako kwenye simu yake. Ujumbe unaotumiwa watu wengi kwa mpigo mmoja ni vivyo hivyo: asiyekuhifadhi haupati. Unaweza kuwa na daftari limejaa nambari na bado ukawa unajisemea mwenyewe. Kwa hiyo kijana akinunua kibandani, kabla hajaondoka namwambia, "Mwanangu, nisevu hapo. Andika Anti Raba." Mimi nami namhifadhi, na mbele ya jina lake naandika anakokaa na saizi ya mguu. Nikifungua belo, lile furushi la mitumba, nikakuta 42 nzuri, ile kamera yenyewe, yaani ya daraja la kwanza, najua nimwambie nani. Wa saizi 38 simsumbui.

Kuna mtu aliwahi kuniletea orodha ya nambari za simu akitaka niinunue. Nilikataa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali kabla ya taarifa zake kutumiwa kumtangazia biashara, lakini hata bila sheria ningekataa. Kijana akipata ujumbe kutoka kwa asiyemjua, swali lake la kwanza ni nambari yake imetoka wapi. Hapo raba haimwingii akilini, anawaza matapeli tu. Na akikublock, huna mlango mwingine wa kumfikia.

Nililolitilia mkazo zaidi ni bei. Wauzaji wengi huweka picha halafu wanaandika "bei njoo inboksi". Mimi naandika bei juu ya picha yenyewe. Kijana anayesubiri pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa vyuo, au anayelipwa kwa siku pale Kondele, hataki kuuliza bei halafu aanze kujieleza kwamba hana. Anataka aangalie kimyakimya, apige hesabu, arudi akiwa tayari. Simu imempa heshima hiyo, na mimi sioni kwa nini nimnyang'anye. Naona majina ya waliotazama status, isipokuwa wale waliozima alama za kusoma, zile tiki za bluu, lakini simfuati mtu kumuuliza, "Nimekuona umeangalia, unachukua?" Wanaofanya hivyo hufungiwa status na wateja wao wala hawajui.

Jambo la pili ni bando. Wengi wao hununua intaneti ya saa moja au ya siku. Video ndefu ya kibanda kizima inawalia bando bure. Nawawekea picha tatu kwa kila kiatu: kutoka juu, soli, na lebo iliyo ndani ya ulimi. Soli ndiyo wanayoichunguza zaidi, kwa sababu ndiyo inayosema kiatu kimetembea kiasi gani. Napiga picha asubuhi mlangoni, maana ndani ya kibanda mwanga wa mabati hubadilisha rangi, na raba iliyoonekana nyeupe kwa simu ikifika ni ya rangi ya krimu utarudishiwa, na hiyo ni haki ya mteja. Kuhusu saizi, namwambia asimamishe mguu juu ya karatasi, atie alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu, apime kwa rula. Lebo za raba nyingi zina sentimita kando ya saizi za Ulaya na Uingereza, kwa hiyo tunalinganisha hapo hapo.

Wale wa sekondari wana mambo yao. Shule za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo nawapata likizo, Aprili, Agosti na Desemba, na mara nyingi simu ni ya mama. Ujumbe wangu nauandika nikijua mzazi atausoma kwanza. Sitii maneno ya mtaani nisiyoyazungumza. Vijana wanajua mtu mzima anayejifanya wa rika lao, na wazazi hawapendi. Mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, namtumia SMS: rangi, saizi, bei. Picha ataionea kwa simu ya dada yake.

Malipo hayajawahi kuwa shida. M-Pesa ilianza 2007, na wengi wa hawa walikua nayo nyumbani. Till, namba ya M-Pesa ya kulipia biashara, ilinisaidia kwa sababu mteja halipi ada ya kutuma, na jina la biashara analiona akilipa. Anayeogopa hulipa nusu, namtumia picha ya mzigo na namba ya matatu, anamaliza akiupokea.

Lakini muuzaji wangu mkuu ni mteja aliyevaa. Kijana akipiga picha ya miguu yake akiwa Maseno na kuiweka kwa status yake, maswali yanayonijia jioni hiyo hayalingani na ya picha zangu mwenyewe. Wanaaminiana kuliko wanavyomwamini mwenye duka. Ndiyo maana anayeniletea mwenzake nampunguzia bei kwa kiatu kinachofuata, na namwambia wazi kiasi gani.

Jirani yangu anayeuza mikoba sasa anataka kuanza, na anataka aanzie TikTok. Nimemshauri aanze na wanaosimama mbele yake Jumapili soko likiwa limejaa: aombe wamhifadhi, aandike kila mmoja alichukua mkoba gani, na kila picha iwe na bei. TikTok itafuata. Huko video hufika hata kwa asiyekujua kabisa, na huyo atakuwa mtu mpya wa kumwomba ahifadhi nambari.