Intaneti ya jengo zima: nyaya zenu, laini ya kukodi

Angalia ukuta wa nje wa jengo lolote la ghorofa sita lenye nyumba 24, Upanga au Kinondoni, Dar es Salaam. Nyaya za kampuni tatu au nne zinaning'inia, na kila kampuni imetoboa tundu lake. Wakazi wakitaka mtandao wao wenyewe, wasianze kubishana kuhusu kasi, waanze na nyaya. Laini ya kuingia jengoni mtaikodi, na mkataba ukiisha mnaweza kumbadilisha mtoa huduma. Kinachowapa ubavu wa kumbadilisha ni kuwa nyaya za ndani, kabati la vifaa na swichi (kifaa kinachogawa mtandao kwa kila nyumba) ni mali yenu.

Jengo lenye hati za sehemu chini ya sheria ya mwaka 2008 lina chama cha wamiliki, nacho kinaweza kusaini mkataba na kushika mali. Jengo likiwa la mwenye nyumba mmoja, pateni ruhusa ya maandishi inayosema nyaya ni za nani mpangaji akihama. Pia ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema, maana kuuza intaneti kunahitaji leseni. Msijaribu kugawana kifurushi cha nyumbani: mikataba mingi inakataza. Ombeni laini ya biashara ambayo kasi yake ni ileile kupakua na kupakia.

Kabati likae ghorofa ya tatu, karibu na mfereji wa nyaya, ili njia ziwe fupi juu na chini. Juu ya paa ni joto, na tangi la maji likivuja mmekwisha. Kila nyumba ipate waya wake wa mtandao, aina ya Cat6, mpaka kabatini. Kwa wastani wa mita 30, nyumba 24 ni mita 720, yaani maboksi matatu ya mita 305. Waya mmoja usizidi mita 100.

Hapo kwenye maboksi ndipo pesa nyingi hupotea. Sokoni kuna Cat6 ya alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho huitofautishi. Kwaruza uzi wake kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Kwa uhakika zaidi, unganisha nyuzi mbili za jozi moja upande mmoja wa boksi zima, kisha pima ukinzani upande wa pili kwa multimita ya fundi umeme. Shaba halisi ya mita 305 haitakiwi kuzidi ohm 57 kwenda na kurudi. Alumini hukatikia kwenye RJ45 (kichwa cha plastiki cha kuchomekea waya) baada ya miezi, na fundi ataanza kulaumu ruta. Pia mwambie afunge nyuzi zote nane. Akifunga nne tu, nyumba hiyo itabaki na kasi ya megabiti 100 kwa sekunde siku zote.

Nunueni swichi mbili za milango 24 (matundu ya kuchomekea nyaya) badala ya moja ya 48. Moja ikiungua, mnahamishia nyumba nyingi kwenye nyingine, kwa sababu milango ya akiba ipo. Ziwe swichi zenye VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi ileile, na kila nyumba ipewe yake: ghorofa ya tatu nyumba ya pili ni VLAN 302.

Msipofanya hivyo, mambo yatakuwa hivi. Mpangaji mpya ananunua ruta na kuchomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la intaneti inayoingia). Ruta yake inaanza kugawa anwani za 192.168.0 kwa jengo zima. Simu za majirani zinaonyesha Wi-Fi imeshika, lakini hakuna kinachofunguka, na nyumba haziharibiki zote kwa pamoja: kila moja inaharibika ruta yake inapoomba anwani upya. Ndiyo maana tatizo hilo husumbua mafundi siku nzima. VLAN ikiwepo, anajiharibia peke yake.

Kasi sasa. Laini ya megabiti 200 inatosha nyumba 24, maana hata saa mbili usiku matumizi ya wastani ni kama megabiti 4 au 5 kwa nyumba. Msigawe 200 kwa 24 mkampa kila mtu 8, huko ni kuitupa laini mchana kutwa. Kwenye ruta ya MikroTik yenye programu ya RouterOS 7, wekeni foleni ya CAKE (inayogawa kasi kwa haki kati ya watumiaji) yenye ukomo wa megabiti 190, ili msongamano utokee kwenye ruta yenu mnayoitawala. Zimeni fasttrack, njia ya mkato ya data ndani ya ruta. Ikibaki imewashwa, data inaipita foleni pembeni na mtadhani CAKE haifanyi kazi.

Ruta, swichi mbili na kifaa cha faiba ni kama wati 60. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ikitumika nusu inatoa takriban saa nane. (Ruta za nyumbani nazo zinahitaji betri ndogo, la sivyo kabati litawaka bure.)

Mchango utenganishwe: fungu la laini, na fungu la vifaa, ambalo ni gharama ya kabati zima ikigawanywa kwa miezi 60. Nenosiri la ruta liwe kwa watu wawili, na nakala kwenye bahasha iliyofungwa kwa mweka hazina. Fundi anayeondoka nalo kichwani anaondoka na mtandao wenu.