Seva Kuu ya Barua Pepe Inaponyamaza

Katika mitandao niliyowahi kuihudumia, mara nyingi seva moja ndiyo hupokea barua pepe zote kutoka nje, huzichuja, kisha huzigawa kwa seva ndogo za idara. Ikizimika, swali la kwanza ninaloulizwa ni kama barua zimepotea. Kwa kawaida hazijapotea. Itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo seva hufuata zinapotumiana barua pepe, iliyochapishwa mwaka 1982, inatambua kwamba seva ya mbali inaweza kukosekana kwa muda. Kwa hiyo seva inayotuma ikikosa jibu huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye, na mwongozo wake unaishauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Hatari huanza pale fundi mwenye haraka anapoweka mashine ya muda isiyo na orodha ya watumiaji, kwa maana ikijibu kwa namba 550, ambayo ni kukataa moja kwa moja, barua haingoji tena bali hurudishwa kwa aliyeituma.

Kinachonitia hofu zaidi ni ukimya wa ndani. Seva za idara zilizozoea kukabidhi kila kitu kwa seva kuu hubaki na foleni zinazorefuka, na hata barua ya mtu kwa mwenzake wa chumba cha pili hukwama ikiwa idara zao ni tofauti, ilhali mtumaji anaona kwenye skrini yake kwamba imeshatumwa. Tahadhari za mitambo nazo hupita njia hiyohiyo iliyokatika. Niliwahi kukuta kwenye foleni ujumbe uliokusudiwa kunijulisha kwamba seva kuu imezimika. Tangu siku hiyo tahadhari zangu huja kwa ujumbe mfupi wa simu.

Seva ya akiba husaidia, mradi itunzwe sawasawa na ile kuu. Ikitelekezwa, hupokea hata barua za anwani zisizokuwapo, kisha huzirudisha kwa watu ambao anwani zao zimeghushiwa kana kwamba ndio watumaji, na hapo naona ni heri kutokuwa nayo.

Seva kuu inaporudi, foleni za kila upande huimiminikia, na jibu linaweza kufika kabla ya swali lake. Mimi hupunguza idadi ya miunganisho inayokubaliwa kwa wakati mmoja, kisha hukagua foleni za idara moja baada ya nyingine hadi ziishe. Watumiaji nawaomba mapema wasitume upya barua zilizokwama, kwa sababu nakala zote zitafika.