Nilivyokwama kwenye namba 36,288,000

Katika namba za kila siku, kila nafasi ni mara kumi ya ile inayoitangulia: mamoja, makumi, mamia. Katika kizio cha faktoria nafasi ni faktoria zenyewe, yaani zao la namba zote kuanzia 1 hadi namba fulani: 1, 2, 6, 24, 120, 720 na kuendelea, na tarakimu inayokaa katika nafasi ya k haiwezi kuzidi k. Nilitaka kutengeneza mfuatano wa jumla za tarakimu hizo kwa kila namba kamili kuanzia 0, nikaanza kwa kalamu. Niligawanya 1000 kwa 2, ikabaki 0. 500 kwa 3, ikabaki 2. 166 kwa 4, ikabaki 2. 41 kwa 5, ikabaki 1. 8 kwa 6, ikabaki 2. Kisha 1 kwa 7, ikabaki 1. Mabaki hayo, yakisomwa kuanzia la mwisho, ni 121220, na jumla yake ni 8.

Nilipoandika programu, niliiagiza iunganishe tarakimu kuwa neno moja, ijumlishe herufi za neno hilo, kisha ilisome upya ili kuhakiki kwamba linarudisha namba ileile. Mamilioni ya namba yalipita salama. Ilipofika 36,288,000, uhakiki ulirudisha 39,916,800, na jumla ikawa 1 mahali ilipopaswa kuwa 10.

Nilihangaika na kasoro hiyo kwa siku mbili, nikidhani mgawanyo wangu una hitilafu, hadi nilipotoa namba moja kwa nyingine na kupata 3,628,800, yaani faktoria ya 10 yenyewe. Hapo nikaelewa. Namba 36,288,000 ni 10 mara faktoria ya 10, kwa hiyo tarakimu yake ya kwanza ni kumi, nayo huandikwa kwa alama mbili. Ukiifuatisha na sifuri tisa unapata 10000000000, ambayo ndiyo maandishi ya faktoria ya 11. Namba mbili tofauti zilikuwa zimevaa sura moja.

Niliacha kuunganisha tarakimu, nikazihifadhi katika orodha zikitenganishwa kwa nukta mbili, na jumla nikaipata moja kwa moja kutoka kwenye mabaki.

Mfuatano uliposimama sawa, nilirudi mwanzoni kabisa, kwenye namba 0 hadi 23, na hapo ndipo palinipendeza kuliko kwingine kote. Jumla 0 hutokea mara 1, kisha 1 hadi 6 hutokea mara 3, 5, 6, 5, 3 na 1. Hesabu hizo ndizo za mipangilio ya vitu vinne kwa idadi ya jozi zilizopinduka, yaani jozi ambazo kinachopaswa kuja baadaye kimetangulia, uhusiano ambao Charles-Ange Laisant wa Ufaransa aliuandikia mwaka 1888. Nilijaribu 17, ambayo ni 221: katika A, B, C, D ruka mbili uchukue C, katika zilizobaki ruka mbili uchukue D, ruka moja uchukue B, na A ikamalizia. Katika CDBA nilihesabu jozi zilizopinduka, nikapata tano, sawa na 2 + 2 + 1.