Nilivyoujua mji wa Kuala Lumpur kwa miguu

Mdogo wangu anasoma Kuala Lumpur, Malaysia, na nilipokwenda kumtembelea alinizungusha kwa treni na teksi hadi siku ya nne sikuwa najua hata mtaa mmoja. Jumamosi akawa na kazi za chuo. Nikamwambia, wewe soma, mimi natoka.

Nilishuka kituo cha Masjid Jamek saa mbili asubuhi, jua halijakaza. Anzieni hapo, maana ndipo mji ulipoanzia: mto Gombak unaingia mto Klang, na jina Kuala Lumpur lenyewe maana yake ni makutano ya mito yenye tope. Kwenye ile ncha umesimama msikiti wa mwaka 1909, matofali mekundu na mistari myeupe, minazi pembeni. Asiye na vazi la stara huazimwa kanzu mlangoni. Nilikaa baraza yake muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa utulivu uliokuwepo, na magari yapo hatua chache tu.

Mto ndio uliokuwa dira yangu. Nikipotea nauliza neno moja, "Sungai?", yaani mto, mtu ananyoosha mkono, najua nilipo.

Kifungua kinywa nilipata kwa mama mmoja wa barabarani. Aliponifungulia jani la mgomba nikasikia harufu ya jikoni kwa bibi, Tanga: wali wa nazi! Wao wanauita nasi lemak, na juu yake kuna dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na pilipili ya kusaga yenye utamu kidogo. Akaniuliza, "Apa khabar?" Nikamjibu, "Khabar baik," kama alivyonifundisha mdogo wangu. Hilo "khabar" ndilo habari letu, sote tumelitoa kwa Waarabu.

Kuvuka mto tu, uko kwenye uwanja wa Dataran Merdeka. Mbele yake ni jengo la Sultan Abdul Samad, lililokamilika 1897, lenye mnara wa saa na makuba ya shaba. Usiku wa kuamkia 31 Agosti 1957, bendera ya Uingereza iliteremshwa hapa. Mzee aliyekuwa akifagia aliniona nimeinua kichwa kutazama mlingoti, akasema, "Bendera." Nikamwambia hata kwetu ni bendera. Hakuelewa sentensi yangu, lakini lile neno alilidaka, akalirudia akicheka. Nilimkumbuka babu yangu, ambaye hakuchoka kutusimulia usiku wa Desemba 1961, bendera yetu ilipopanda.

Jua la saa sita usishindane nalo. Nilijificha Pasar Seni, soko lililoanza 1888 kwa kuuza samaki na mboga na sasa ni la kazi za mikono. Nilinunua batiki mbili, moja ya mama. Bei zao hazishuki sana. Mtaa wa Petaling, dakika chache kutoka hapo, ni kinyume chake: mkoba niliotajiwa ringiti 90 niliuchukua kwa 40 baada ya kuanza kuondoka. Mkoba wenyewe si wa kampuni inayoandikwa juu yake, na mishono inafumuka tayari. Ningerudi, pesa ile ningeila kwenye vibanda vya chakula.

Saa tisa mvua ikamwagika. Maduka ya zamani yana vibaraza vilivyoungana mbele ya milango, kaki lima wanaviita, nikatembea chini yake mpaka mtaa wa Masjid India karibu mkavu kabisa. Jirani yake, Lorong Tuanku Abdul Rahman, kila Jumamosi jioni hugeuka soko la usiku: vitambaa, hijabu, mishikaki, moshi, watu bega kwa bega.

Koo limekauka, nikamwambia muuzaji, "Limau." Sikuhitaji kutafsiri. Akakamua, akatia barafu, akanipa. Mdogo wangu alipopiga simu kuuliza anifuate wapi, nilimwelekeza mimi, mtaa kwa mtaa.