Siku moja na gunia mgongoni, Bukavu

Saa kumi na moja alfajiri naamka na kusali kwa kifupi: asante kwa usingizi, asante kwa magoti. Wenzangu hucheka nikitaja magoti, lakini mwanamke anayebeba mizigo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hana mtaji mwingine. Huku ni vilima vitupu. Watoto nawaachia uji, nachukua kamba yangu, nateremka.

Saa kumi na mbili niko Beach Muhanzi, bandari yetu ndogo kwenye ziwa Kivu. Boti za Idjwi na Kalehe zinaleta ndizi, mananasi, makala (makaa ya kupikia), unga wa muhogo. Tunasukumana, tunapatana bei. Wapita njia hutuangalia kama watu walioadhibiwa. Hawajui kama kazi hii inafundishwa: kamba inapita kwenye paji la uso, shingo inakazwa, mwili unainama mbele, gunia linakaa chini kidogo ya mabega. Likiteleza hadi kiunoni, kesho yako imekwisha.

Mizigo yangu ya kwanza, ndizi na makala, ilikwenda bila neno.

Saa nne hivi akaja baba mmoja mwenye koti, rozari shingoni. Gunia la unga hadi soko la Kadutu, franka 3,000. Wenzangu wawili wakaniinulia, nikaanza kupanda. Yeye alibeba simu yake tu, na bado alinitangulia akisema, "Mama, fanya haraka, watu wananingoja!" Mimi nina desturi: kila ninapoegemeza mzigo ukutani kupumzika, nataja jambo moja la kumshukuru Mungu. Ukuta wenyewe. Upepo wa ziwa. Mvua ambayo haijanyesha, maana udongo wa huku ukilowa unakuangusha pamoja na mali ya mtu. Baba akageuka: "Unaongea na nani?" Sikumjibu. Pumzi nilikuwa nayo kidogo, na Mungu alikuwa ameanza kusikiliza.

Kufika Kadutu, akanipa 1,500.

Nikadhani anatafuta zingine mfukoni. Hapana. Akafunga koti. "Mama, shukuru hicho. Paulo anasema tushukuru kwa kila jambo."

Hapo ndipo uchovu wote ulinipanda kichwani. Neno hilo nalipenda, liko kwa Wathesalonike, na nalishika hata siku nisipopata mzigo. Ila Paulo hakuandika barua ile ili mtu apunguziwe malipo. Shukrani yangu inakwenda kwa Mungu. Franka zangu zinatoka kwako. Nikamwambia, "Baba, Mungu nimemshukuru tangu kule chini. Wewe bado nakudai." Akasema nina kiburi. Nikamkumbusha Torati: kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijatua. Akasema jua bado liko juu! Watu wakacheka, na mimi karibu nicheke. Mama mmoja anayeuza sombe, majani ya muhogo, akaacha kutwanga, akaja na mchi mkononi, akasimama kando yangu bila kusema kitu. Baba akahesabu tena, polepole, noti chafu moja moja. Zikabaki 500. Akaapa hana.

Mchana sikumbuki vizuri. Mananasi, makala tena, jua, shingo inawaka. Nilikula muhogo wa kuchemsha nimesimama. Kuna mzigo mmoja niliukataa, mtoto wa watu akaubeba, nikaona vibaya.

Jioni nilinunua unga na sambaza kidogo, samaki wadogo wa ziwa, nikapika bugali, halafu nikajikokota hadi shirika, jumuiya yetu ndogo ya sala, maana wiki hii tunasalia kwa jirani. Kila mtu anatoa shukrani yake. Mimi nilimshukuru Mungu kwa njia kavu, na kwa mama wa sombe na mchi wake. Kiongozi akaniuliza kama nimemsamehe yule baba.

Nikasema nimemsamehe kabisa. Zile 500 nitamdai Jumamosi, ana unga mwingine unaofika kutoka Kalehe, na wenzangu wote wa ufukweni nimewaambia: huyo analipa kwanza, ndipo gunia linainuliwa.