Aliyekatazwa kusema uongo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu juma hili liko 2 Samweli 12, pale nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi. Ila nitapita njia ya mbali kidogo, kwenye filamu ya Kitamil ya mwaka 1985 iitwayo Sindhu Bhairavi, aliyoiongoza K. Balachander. Niliitazama tena Jumatatu usiku, na tangu hapo sijaweza kuisoma habari ya Daudi kama nilivyoizoea.

Yumo mwimbaji anayeitwa JKB, aliyeigizwa na Sivakumar, bingwa wa muziki wa Karnatiki, ule wa jadi wa kusini mwa India. Ni mtu wa heshima zake, na mkali kwelikweli. Mpiga ngoma wake, Gurumurthy, anakuja kazini amelewa. JKB anamfukuza palepale na kuimba bila ngoma. Gajapathi, mpiga tambura, ana tabia ya kusema uongo hata pasipo sababu. Huyo naye anabanwa mpaka anaahidi kuacha.

Kwa asiyeijua tambura, ni ala ndefu ya nyuzi ambayo haipigi wimbo wowote. Kazi yake ni kuvuma tu, sauti zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, ili mwimbaji akipanda na kushuka awe na pa kurudi asipotee. Na mwenye kuishika hapa ndiye mwongo wa kundi zima.

JKB ana mke, Bhairavi. Anampenda mumewe na kumtunza, lakini muziki haumwingii, na hawajajaliwa mtoto. Kisha anatokea Sindhu, mwalimu wa muziki, anayethubutu kumwuliza JKB mbele ya watu kwa nini anawaimbia Watamil nyimbo za Kitelugu wasizozielewa. Ubishi unazaa urafiki, na urafiki haukomei hapo. Mtu yule aliyewadai wenzake unyofu sasa ana nyumba ya wazi na nyumba ya siri.

Nakiri nilipoitazama mara ya kwanza nilimwonea huruma. Nilisema moyoni, maskini, amempata wa kumwelewa. Filamu inampa kisingizio kizuri, na visingizio vizuri ndivyo vinavyotuangusha. Lakini Bhairavi hakuhitaji kujua muziki ili astahili kuambiwa ukweli wa nyumba yake mwenyewe.

Anaupata kwa nani? Kwa Gajapathi. Bwana mkubwa alishamkataza kusema uongo, basi akiulizwa hana tena pa kujificha. Hapo niliisimamisha filamu nikakaa kimya muda mrefu. Siku zote nilidhani maisha mawili ni mzigo wa mtu mmoja, anaubeba mwenyewe kifuani. Sivyo. Yanabebwa na vinywa vya wengine: dereva, dada wa kazi, rafiki wa kazini, mtoto. Kila anayejua analazimika ama kusema uongo kwa ajili yako, ama kukuvunjia nyumba.

Sasa rudini kwa Daudi. Sura ya 11 inasema alipeleka wajumbe kumchukua Bathsheba, mke wa Uria, askari wake. Wajumbe! Kwa hiyo tangu usiku ule wa kwanza kulikuwa na watumishi wanaojua, wanaopishana na Uria mlangoni pa mfalme na kuinamisha macho. Kisha barua ya kumwua Uria ikapelekwa kwa mkono wa Uria mwenyewe, na Yoabu, jemadari wa jeshi, akaisoma na kutii. Tunahesabu dhambi mbili za Daudi, uzinzi na uuaji. Mimi juma hili nimewahesabu watu aliowachafua njiani.

Na ukali wake! Nathani anaposimulia habari ya tajiri aliyempokonya maskini mwanakondoo, Daudi anawaka hasira, anataka tajiri afe, tena alipe mara nne. JKB naye, siri yake ilipofichuka na Sindhu kuondoka, aliangukia pombe, ileile aliyomfukuzia Gurumurthy. Nathani alimjibu Daudi, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Wapendwa, sina nyumba mbili. Lakini mwezi uliopita kuna mtu ninayedaiwa naye alikuja kubisha hodi, nami nikamnong'oneza binti yangu wa miaka minane, "Mwambie baba hajarudi." Akaenda. Nilimsikia akisema, sauti ikitetemeka. Mgeni akanyamaza kidogo, kisha akamwambia kwa upole, "Sawa mwanangu, msalimie baba." Alipoondoka ndipo nilipoona viatu vyangu viko palepale kizingitini, karibu na miguu ya mtoto. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemchapa kwa kunidanganya habari ya daftari.

Mithali 28:13: "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema." Nimeisoma kila asubuhi juma hili, na kila asubuhi nimeona viatu vile.

Jana nilimshika mkono binti yangu tukaenda wote kwa yule mzee. Nilikuwa na nusu tu ya deni. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Siku ile nilikuwepo ndani. Mtoto nilimtuma mimi." Binti yangu akaniangalia, kisha akamwangalia mzee, na mkono wake ukalegea ndani ya wangu.